Kuboresha Matumizi ya Nishati katika Majengo Yaliyopo: Vikwazo vya Teknolojia na Njia za Kuvishinda

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa utaweza:

1. Kueleza maana ya maboresho ya nishati katika jengo linalotumika.
2. Kufafanua jinsi joto linavyoingia na kutoka katika jengo la nyanda kavu za kati.
3. Kutaja vikwazo sita vya teknolojia na kueleza namna ya kuvishinda.
4. Kukokotoa umeme unaotumika, umeme unaookolewa na mkondo unaopita katika nyaya.
5. Kupanga hatua za maboresho kwa mfuatano sahihi na kutoa sababu.

Mada hii inagusa Fizikia (joto na umeme), Jiografia (tabianchi, nishati na mazingira) na Historia. Maelezo yako kwa Kiswahili ili uielewe hoja kwanza. Ukishaielewa, istilahi za mtihani utazioanisha na daftari lako la somo.

1. Utangulizi

Mtahiniwa anayeishi Mlali, wilayani Kongwa, anaweza kuuliza: maghorofa yananihusu nini, wakati kwetu karibu nyumba zote ni za chini? Yanakuhusu kwa sababu mbili.

Kwanza, jiji la Dodoma liko katika mkoa wako na linakua. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa na TANU mwaka 1973, lakini uhamaji mkubwa wa watumishi wa serikali ulianza baada ya tangazo la mwaka 2016. Mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Watumishi, wafanyabiashara na wanafunzi wanahitaji mahali pa kuishi, na wengi wamepanga katika nyumba za ghorofa, zikiwamo za Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962. Baadhi yenu mtapanga humo, na baadhi mtakuwa mafundi wa kuzitengeneza.

Pili, kanuni za sayansi hazibagui ghorofa na nyumba ya chini. Joto linaloshuka kutoka paa la ghorofa ya juu ndilo linaloshuka kutoka bati la darasa lako saa nane mchana. Ukijua kurekebisha moja, umejua kurekebisha jingine.

2. Maana ya maboresho ya nishati

Maboresho ya nishati ni kazi ya kulirekebisha jengo ambalo tayari linatumika, ili watu wapate mwanga, maji, chakula kilichopikwa na hali nzuri ya hewa kwa kutumia nishati kidogo kuliko mwanzo. Mifano ni kubadilisha taa, kuweka dari, kufunga matundu ya hewa, kuweka kivuli kwenye madirisha, kurekebisha nyaya, kufunga paneli za sola na kubadilisha majiko.

Zingatia neno *yaliyopo*. Jengo jipya huchorwa upya, na mchoraji huchagua paa lielekee wapi na nyaya ziwe nene kiasi gani. Jengo lililopo lina kuta, nyaya, matangi na wakazi tayari. Ndiyo maana kazi hii ni ngumu. Vifaa vipo madukani, lakini kila kifaa kipya lazima kikubaliane na jengo ambalo halikujengwa kwa ajili yake. Hii ndiyo hoja kuu ya mada, na utaiona ikirudi katika kila kikwazo.

3. Umuhimu wa maboresho ya nishati

(a) *Fedha za kaya.* Kaya nyingi hununua umeme kwa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Uniti moja ni kilowati-saa moja. Uniti inayopotea ni fedha iliyokwisha kulipwa.

(b) *Misitu.* Wakazi wengi wa mijini hupikia mkaa, hata wale wenye umeme ndani. Mkaa huo unatoka kwenye miti ya vijijini, na katika nyanda kavu mti uliokatwa huchelewa kurudi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034.

(c) *Usalama na afya.* Nyaya zilizoelemewa huwaka. Mkaa unaowashwa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua.

(d) *Uhakika wa umeme.* Mtera, wenye uwezo wa megawati 80, na Kidatu, megawati 204, yote hutegemea maji ya mto Ruaha Mkuu. Ukame ulichangia migao mikubwa ya umeme nchini mwaka 2006 na 2011. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza umeme sana tangu mtambo wake wa kwanza ulipoanza kuzalisha mwaka 2024. Hata hivyo, umeme mwingi kwenye gridi haubadilishi nyaya zilizomo ukutani.

4. Joto linavyoingia na kutoka katika jengo

Dodoma iko mwinuko wa takribani mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua ni chache, kwa kawaida chini ya milimita 600 kwa mwaka, na nyingi hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mchana jua ni kali. Usiku, hasa Juni na Julai, ni wa baridi. Jengo zuri la eneo hili linatakiwa kuzuia joto mchana na kutunza joto kiasi usiku.

Joto husafiri kwa njia tatu:

- *Mpitisho*: joto hupita ndani ya kitu kigumu, kama bati au ukuta. Kitu kikiwa chembamba na kikipitisha joto vizuri, joto hufika upande wa pili haraka.
- *Msafara*: joto huchukuliwa na hewa au maji yanayosogea. Hewa ya moto hupanda juu.
- *Mnururisho*: joto husafiri bila kuhitaji kitu cha kupitia, kama linavyotoka kwenye jua, au kwenye bati la moto hadi kichwani kwako.

Dodoma iko takribani nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo jua la mchana hupita karibu kabisa juu ya kichwa mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na miezi mingine halisogei mbali sana. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, mchana paa hupokea jua kuliko ukuta wowote, hivyo anayeishi ghorofa ya juu huteseka zaidi. Pili, kuta na madirisha yanayotazama mashariki hupigwa na jua la asubuhi, na yanayotazama magharibi hupigwa na jua la alasiri, wakati jengo zima limekwisha pata joto. Chumba cha magharibi ndicho kinachochelewa kupoa.

Wagogo walilijua jambo hili zamani. Nyumba ya tembe ina paa la bapa lililojengwa kwa miti na kufunikwa kwa udongo mzito, na kuta nene za udongo. Udongo huo huchukua muda mrefu kupata joto na muda mrefu kupoa. Mchana ndani ni baridi, usiku ni vuguvugu. Bati hufanya kinyume: hupata joto upesi jua linapotoka na hulipoteza upesi usiku. Bati lina faida zake, kwani halivuji na halihitaji kufunikwa udongo kila mwaka. Lakini mtu anayehama kutoka tembe kwenda nyumba ya bati bila dari amepoteza kizuizi cha joto, na mara nyingi hajui kwa nini ndani pamekuwa tanuri.

5. Vikwazo vya teknolojia na njia za kuvishinda

*5.1 Kukosa vipimo*

Mita ya LUKU hueleza uniti zilizotumika, lakini haisemi ni kifaa gani kimezitumia. Majengo mengi ya zamani pia hayana michoro ya nyaya na mabomba iliyohifadhiwa. Mwenye jengo hubahatisha, akanunua kifaa cha gharama kwa tatizo ambalo si kubwa.

Historia ya Kongwa inatoa funzo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, na Kongwa ikawa moja ya vituo vyake vikuu. Mashine nyingi zililetwa kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha. Wakati wa kiangazi udongo uligeuka mgumu na kuharibu zana, na mvua hazikutosheleza zao. Mwaka 1951 mpango uliachwa. Matrekta yalikuwepo. Kilichokosekana ni vipimo.

*Njia ya kushinda:* Pima kabla ya kununua. Hata mwanafunzi anaweza kuanza. Zima vifaa vyote, soma mita, washa kifaa kimoja kwa saa moja, kisha soma tena. Tofauti ni matumizi ya kifaa hicho kwa saa. Soma pia kibandiko cha kifaa kinachoonyesha wati. Andika joto la chumba saa 8 mchana na saa 4 usiku kwa wiki moja.

*5.2 Nyaya na swichi za zamani*

Nyumba nyingi zilifungwa nyaya wakati ambapo kaya ilitumia taa chache, redio na pasi. Leo kaya hiyohiyo ina friji, hita ya kuogea, birika la umeme na jiko. Mkondo ukizidi uwezo wa waya, waya hupata joto, plastiki yake huharibika na moto unaweza kutokea. Kibaya zaidi, breka ikijizima mara kwa mara, wengine huiondoa na kuweka kubwa zaidi. Hapo wamekiondoa kilinzi na kuuacha waya uleule mwembamba.

*Njia ya kushinda:* Jengo likaguliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, ambayo ndiyo hutoa leseni za ufungaji wa umeme. Jiko na hita vipewe nyaya zao nene na breka zake. Waya wa ethi uwepo na upimwe. Pamoja na hayo, chagua vifaa vinavyohitaji nguvu ndogo, ili mzigo ulingane na nyaya zilizopo.

*5.3 Paa dogo kwa watu wengi*

Katika nyumba ya chini, familia moja ina paa lake. Katika ghorofa, familia nyingi hugawana paa moja ambalo tayari lina matangi ya maji na antena. Paneli za sola haziwezi kutosheleza kila kitu. Isitoshe, baadhi ya mapaa ya zamani hayawezi kubeba uzito zaidi, na mengine yameezekwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani. Asbesto haitobolewi wala haikatwi ovyo.

*Njia ya kushinda:* Umeme wa paa uelekezwe kwanza kwenye mahitaji ya pamoja: pampu ya maji, taa za ngazi na taa za nje. Pampu inafaa zaidi kwa sababu inaweza kufanya kazi mchana, jua linapokuwepo, na tangi lililojaa hutunza maji hadi usiku bila kuhitaji betri kubwa. Mhandisi akague uimara wa paa kabla ya mzigo wowote kupandishwa.

*5.4 Teknolojia isiyolingana na mazingira*

Vitabu na video nyingi za maboresho ya nishati hutoka nchi za baridi. Huko tatizo ni joto kutoka nje ya nyumba, hivyo huziba kila tundu. Ukiiga hivyo Dodoma, utafungia joto ndani. Madirisha makubwa ya kioo yasiyofunguka, yanayopendwa kwa mwonekano wake, hulazimisha kununua kiyoyozi.

Mazingira yana mitego mingine. Maji ya visima katika sehemu nyingi za Dodoma yana chumvichumvi. Maji hayo yakichemshwa, magamba meupe hujikusanya kwenye hita na kuzuia joto lisifike kwenye maji; hita hutumia umeme zaidi na huungua mapema. Vumbi la kiangazi hufunika paneli za sola na kupunguza umeme wake.

*Njia ya kushinda:* Anza na jua na upepo wa mahali. Weka vivuli nje ya madirisha ya mashariki na magharibi, kwa maana kivuli cha nje huzuia jua kabla halijapenya kioo, ilhali pazia la ndani huzuia jua lililokwisha ingia. Fungua matundu pande mbili za nyumba ili hewa ipite. Paka paa rangi nyeupe ili liakisi jua. Weka dari, na uache nafasi ya hewa kati yake na bati, yenye matundu ya kutolea hewa ya moto. Hita isafishwe magamba kwa ratiba, na paneli zioshwe asubuhi kabla hazijapata joto.

*5.5 Vifaa bandia na ukosefu wa vipuri*

Soko lina balbu, nyaya na inveta zisizofikia sifa zilizoandikwa juu yake. Waya ulioandikwa kuwa mnene unaweza kuwa na shaba kidogo ndani. Kifaa kizuri nacho hugeuka mzigo kikiharibika na kipuri chake hakipatikani nchini.

*Njia ya kushinda:* Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Dai risiti na dhamana ya maandishi. Kabla ya kununua, uliza swali moja: kikiharibika, nani atakitengeneza, na kipuri kiko wapi?

*5.6 Uhaba wa mafundi na umiliki wa pamoja*

Fundi anayejua kufunga taa si lazima ajue kuunganisha sola na nyaya za jengo zima. Kazi mbaya huwafanya watu waseme sola ni mbaya, kumbe tatizo ni ufungaji.

Katika ghorofa kuna jambo la ziada: paa, ngazi na bomba kuu ni vya wote. Mpangaji hulipa LUKU lakini hana mamlaka juu ya paa. Mwenye nyumba ana mamlaka lakini hailipi LUKU hiyo. Hivyo kila mmoja humsubiri mwenzake.

*Njia ya kushinda:* Mafunzo ya ufundi katika vyuo vya VETA na kwa mafundi walioko kazini. Kwa maghorofa yenye wamiliki wengi, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inaweka msingi wa wamiliki kusimamia maeneo ya pamoja kupitia umoja wao. Umoja huo ukikubaliana kuhusu mchango na matengenezo, pampu ya sola inapata mwenyewe wa kuitunza.

6. Mifano ya hesabu

*Mfano wa 1: Taa za ngazi.* Ghorofa ina balbu 12 za zamani, kila moja wati 60. Huwaka kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Kokotoa uniti zitakazookolewa kwa siku 30 zikibadilishwa na taa za LED za wati 9. Tuchukulie uniti moja ni shilingi 300.

Jibu:
Balbu za zamani: 12 × 60 W = 720 W = 0.72 kW
Matumizi: 0.72 × saa 12 × siku 30 = uniti 259.2
Taa za LED: 12 × 9 W = 108 W = 0.108 kW
Matumizi: 0.108 × 12 × 30 = uniti 38.88
Akiba: 259.2 − 38.88 = uniti 220.32, sawa na asilimia 85
Fedha: 220.32 × 300 = shilingi 66,096 kwa mwezi

Tukichukulia kila taa ya LED ni shilingi 4,000, taa 12 ni shilingi 48,000. Gharama inarudi kabla mwezi haujaisha.

*Mfano wa 2: Mkondo katika nyaya.* Kaya ina hita ya kuogea ya wati 5,000, jiko la umeme la wati 3,000 na birika la wati 2,000. Swichi kuu ni ya ampea 30 na umeme ni volti 230. Je, vyote vinaweza kuwashwa pamoja?

Jibu:
Jumla: 5,000 + 3,000 + 2,000 = 10,000 W
Mkondo = nguvu ÷ volti = 10,000 ÷ 230 = ampea 43.5
Ampea 43.5 ni zaidi ya 30, hivyo swichi itajizima. Hairuhusiwi kuongeza ukubwa wa swichi bila kubadilisha nyaya.

Sasa maji ya kuoga yakipashwa kwa jua, na jiko likibadilishwa kwa jiko la shinikizo la umeme la wati 1,000:
Jumla: 1,000 + 2,000 = 3,000 W
Mkondo = 3,000 ÷ 230 = ampea 13.0
Swichi ileile inatosha. Kikwazo cha nyaya kimepunguzwa kwa kuchagua kifaa.

*Mfano wa 3: Gharama ya kuoga.* Watu watano huoga dakika 10 kila mmoja kwa siku kwa hita hiyo ya wati 5,000.

Muda: 5 × dakika 10 = dakika 50 = saa 0.833
Matumizi kwa siku: 5 kW × 0.833 = uniti 4.17
Kwa siku 30: takribani uniti 125, sawa na shilingi 37,500 kwa bei ya shilingi 300.

*Mfano wa 4: Paa la pamoja.* Paa lina mita 20 kwa 10. Nusu inatumiwa na matangi na njia. Paneli moja ni mita za mraba 2 na hutoa wati 400. Tuchukulie jua kamili la saa 5 kwa siku na upotevu wa asilimia 20.

Nafasi: 200 ÷ 2 = mita za mraba 100
Paneli: 100 ÷ 2 = 50
Nguvu: 50 × 400 W = 20 kW
Umeme: 20 × 5 × 0.8 = uniti 80 kwa siku
Kaya 16: uniti 5 kwa kila kaya. Kaya 4: uniti 20 kwa kila kaya.

Paa ni lilelile. Kilichobadilika ni idadi ya kaya zilizo chini yake. Ndiyo sababu ghorofa haiponi kwa sola peke yake. Lazima matumizi yapungue kwanza.

7. Mfano halisi: Michenzani na Ujerumani

Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Sheikh Abeid Amani Karume huko Zanzibar ilianza kujenga maghorofa ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Nchini humo nako yalijengwa maghorofa mengi ya zege. Ujerumani mbili zilipoungana mwaka 1990, maghorofa mengi ya upande wa mashariki yalifanyiwa maboresho: kuta zilivalishwa tabaka la kuzuia joto lisitoke na madirisha yaliyopitisha baridi yakabadilishwa.

Je, Michenzani ivalishwe hivyo pia? Hapana. Unguja ina joto na unyevunyevu mwaka mzima. Mkazi anahitaji upepo upite na jua lisiingie. Majengo yanaweza kuwa na asili moja, lakini tiba hufuata tabianchi.

Unguja inatoa funzo la pili. Kisiwa hupata umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Mwaka 2008 umeme ulikatika kwa takribani mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 ukakatika tena kwa takribani miezi mitatu. Pampu zinazotegemea umeme zilisimama na maji yakawa shida. Anayeishi ghorofa ya juu hubeba kila ndoo kwa ngazi. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kutumika mwaka 2013. Ukiulizwa kwa nini pampu ya maji itangulie katika mpango wa sola wa ghorofa, mfano huu ni jibu.

8. Mfuatano wa hatua

1. *Pima*: matumizi, joto, hali ya nyaya, uimara wa paa.
2. *Zuia joto*: kivuli, rangi nyeupe, dari, matundu ya hewa.
3. *Fanya nyaya ziwe salama*: ukaguzi, breka sahihi, ethi.
4. *Punguza mzigo*: taa za LED, jiko la nguvu ndogo, maji ya jua.
5. *Zalisha*: paneli za sola kwa mahitaji ya pamoja.
6. *Tunza*: ratiba ya usafi, mfuko wa vipuri, msimamizi anayejulikana.

Sababu ya mfuatano huu ni moja: kila hatua huifanya inayofuata kuwa ndogo na nafuu. Anayeanza na hatua ya 5 hununua paneli za kulisha hasara ambazo angeziondoa kwa rangi na dari.

9. Makosa ya kuepuka katika majibu

- Kuchanganya nguvu na nishati. Wati hupima nguvu. Kilowati-saa hupima nishati. Bila muda hakuna uniti.
- Kusahau kugawa wati kwa 1,000 kabla ya kutafuta uniti.
- Kuorodhesha vikwazo bila kueleza. "Nyaya mbovu" si hoja kamili. Eleza chanzo, athari na njia ya kushinda.
- Kutaja fedha pekee kama kikwazo cha teknolojia. Fedha ni kikwazo cha kiuchumi. Unganisha na kifaa, ujuzi au jengo.

10. Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya jengo jipya na jengo lililopo katika kupanga matumizi ya nishati.
2. Kwa nini chumba cha magharibi cha ghorofa ya juu Dodoma hupata joto zaidi alasiri? Toa sababu mbili.
3. Bweni lina balbu 20 za wati 60 zinazowaka saa 4 kila usiku. Kokotoa uniti na fedha zitakazookolewa kwa siku 30 zikiwekwa taa za LED za wati 9, uniti ikiwa shilingi 300.
4. Vifaa vya wati 4,600 vimeunganishwa kwenye breka ya ampea 16 kwa umeme wa volti 230. Nini kitatokea? Shauri njia moja salama na taja njia moja ya hatari.
5. Shule iliyoko Mlali imepewa fedha za kuboresha madarasa ya bati yasiyo na dari. Mjumbe mmoja wa bodi anataka viyoyozi vinavyoendeshwa kwa sola. Andika insha fupi ukimshauri kwa hoja nne.

Mwongozo wa majibu

1. Jengo jipya huchorwa kulingana na mahitaji. Jengo lililopo lina paa, nyaya na wakazi tayari, hivyo kifaa lazima kikubaliane nalo.
2. Paa lake hupokea jua la mchana linalopita karibu juu ya kichwa. Ukuta na dirisha lake hupokea jua la alasiri wakati jengo limekwisha pata joto.
3. Balbu za zamani: 1.2 kW × 4 × 30 = uniti 144. LED: 0.18 kW × 4 × 30 = uniti 21.6. Akiba ni uniti 122.4, sawa na shilingi 36,720.
4. Mkondo ni 4,600 ÷ 230 = ampea 20, hivyo breka itajizima. Njia salama ni kugawa vifaa kwenye nyaya mbili zenye breka zake. Njia ya hatari ni kuweka breka kubwa kwenye waya uleule.
5. Hoja zinazotarajiwa: joto kubwa linatoka kwenye bati, hivyo dari na rangi nyeupe zitangulie, kiyoyozi katika chumba kisicho na dari hutumia umeme mwingi kupoza joto linaloendelea kuingia, vumbi, matengenezo na vipuri vitakuwa mzigo kwa shule, sola itumike kwa taa za kujisomea usiku na pampu ya maji. Mtahiniwa anayetumia mfano wa tembe au wa Mpango wa Karanga wa Kongwa aeleze unahusianaje na hoja, asiutaje tu.